Nilimpigisha Shemeji Yangu Magoti

Juma lililopita niliwaacha nikiwa mlangoni kwangu, mikono nimeikunja kifuani, nimeziba njia. Kwa aliyelikosa gazeti, mimi ni Severini, katekista wa kigango kimoja huko juu kwenye milima ya Uluguru. Jina la kigango sitalitaja, maana watu wake hawana kosa.

Mvua ya mawe ilikuwa imeshazilaza kabichi zangu zote. Mkwe wangu Innocent alikuwa amepunguzwa kazini kule Kihonda, Morogoro mjini, akamleta binti yangu Modesta kwetu ili mtoto wa kwanza azaliwe mikononi mwa bibi yake, kisha yeye akarudi mjini. Uchungu ulimshika Jumanne jioni. Jumatano kulipambazuka, mtoto hajatoka.

Na mtu aliyesimama uani kwangu asubuhi ile, amevua kofia, alikuwa Athanas.

Ngoja nimweleze Athanas, bila yeye hamtanielewa. Ni kaka wa mke wangu Magdalena. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Shamba ninalolima ni la ukoo wa mke wangu. Nyumba ninayolala imesimama juu ya ardhi yao. Kwa miaka ishirini na sita nimeishi pale kama mgeni anayevumiliwa. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Niliambiwa na moyo wangu mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu mwenyewe, nacho ni ukatekista. Kwenye kikao cha ukoo Athanas alikaa mbele na mimi nyuma. Kanisani niligeuza viti.

Mwaka jana jua lilipokaza, Athanas aliongozana na wazee wa ukoo kwenda kufanya tambiko makaburini. Padre aliposikia, aliniagiza nikazungumze naye polepole, tukiwa wawili tu. Sikwenda. Nilisubiri Jumapili, nikamtaja kwa jina mbele ya waumini wote, nikatangaza hatapokea Komunyo mpaka atubu hadharani. Neno lenyewe wala halikuwa la katekista kulitamka.

Athanas aliinuka, akatoka taratibu, akakaa nje chini ya dirisha. Tangu siku hiyo akawa anasalia pale pale nje, iwe jua iwe mvua.

Nami kabla sijashuka mimbarini nilikula yamini. Nilisema nyumba yangu inamtegemea Mungu, na haitamhitaji Athanas kwa lolote hadi naingia kaburini. Watu wakaitikia amina. Ile amina nilitembea nayo wiki nzima, kifua mbele.

Sasa rudini nami mlangoni.

Kijijini kwetu gari halifiki. Mgonjwa anabebwa kwa machela mpaka ng'ambo ya mto, kwenye barabara ya magari, na wabebaji wanapokezana njia nzima. Anayewaita wabebaji ni mjomba wa mgonjwa. Akiita yeye, hakuna mwanamume anayebaki kwake. Asipoita, watu wanangoja. Ndivyo tulivyozikuta taratibu, na mpaka siku ile sikuwahi kuona ubaya wake.

Alfajiri nesi Upendo wa zahanati yetu alikuwa ameshampima Modesta. Alisema mtoto ametanguliza miguu, na pale kwake hana vifaa, ashushwe saa hiyo hiyo.

"Baba Katekista," aliniambia, "mvua ya mchana ikiwakuta hamjavuka mto, mtabaki huku huku."

Nilimjibu kwamba sisi tunamtumaini Mungu. Halafu nikatuma jumuiya iitwe, si kubeba, bali kusali.

Wakaja. Wanaume tisa wenye mabega kama ya ng'ombe walipiga magoti sebuleni kwangu, rozari mkononi, binti yangu akilia chumba cha pili. Hakuna aliyethubutu kusema tumbebe. Mimi ndiye niliyewafundisha kusali tangu utotoni, wangeanzia wapi kunifundisha?

Mke wangu hakupiga magoti. Alipitia mlango wa jikoni, akakwea kilima hadi kwa kaka yake. Ndiyo maana Athanas alikuwa amesimama uani, na machela mpya ya mianzi nyuma yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

Sikumwitikia. Katekista mzima, nilinyamazia jina la Yesu kwa sababu limetoka kinywani mwa shemeji yangu.

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi wetu," akaendelea. "Nipe mpwa wangu tumshushe."

Nilimwambia nyumba ile haibebwi na mikono iliyomwagia pombe makaburi. Kama anataka kuishika machela, atubu kwanza, pale pale, jumuiya ikisikia.

Niwaambie ukweli, maana nimeahidi kuusema hapa. Nilitaka akatae. Angekataa, ningekuwa nimeshinda, na lolote ambalo lingetokea lingekuwa juu ya kichwa chake. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumjibu.

Athanas aliweka kofia chini, akapiga magoti kwenye tope la uani, suruali yake ya shamba ikaingia maji.

"Nimekosa," alisema. "Bwana anisamehe, na wewe shemeji unisamehe. Sasa tuondoke, mtoto anateseka."

Pale ndipo pangekuwa mahali pa kumshika mkono na kumwinua. Ningefanya hivyo, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia.

Nilimwambia asifanye haraka na mambo ya Mungu. Nikaingia ndani, nikatoka na kitabu cha sala. Nikamtaka alikane lile tambiko kipande kwa kipande: unga kivyake, pombe kivyake, mababu kwa majina yao. Nikamtaka arudie sala ya kutubu nyuma yangu, neno kwa neno, kama watoto wa Komunyo ya kwanza. Akarudia. Sauti yake ikishuka, nilimrudisha mwanzo. Halafu nikafungua mahubiri, yeye akiwa bado amepiga magoti, nikahubiri juu ya kichwa chake.

Wale wanaume walikuwa wameshatoka nje, wamesimama wanaangalia chini. Stefano, mwenyekiti wa jumuiya, alikohoa mara mbili. Nilimtazama tu, akaacha kukohoa.

Modesta alipiga kelele chumbani, ndefu. Nilipaza sauti ili nisikike kuliko yeye.

Magdalena alitoka, kanga imelowa mbele. Hakulia wala hakufoka. Aliniuliza swali moja, polepole, kila mtu akalisikia.

"Baba Modesta, unamwomba Mungu, au unaombwa wewe?"

Nilifunga kitabu. Athanas alikuwa amefika kwangu saa mbili asubuhi. Tulipoinua machela, Magdalena na nesi Upendo wakitufuata, ilikuwa inakaribia saa nne, na wingu limeshakaa juu ya kilele.

Njia nzima Athanas alishika upande wa chini, ule ambao uzito wote unamwangukia mbebaji. Wenzake walipotaka kumpokea alisema bado. Kwenye mteremko mmoja miguu ilimtoka, akaanguka kwa magoti juu ya jiwe, lakini machela haikugusa chini. Nililisikia goti likilia. Aliinuka, akaendelea kumsemesha Modesta, anamuuliza kama anakumbuka alivyokuwa akiiba miwa yake akiwa mdogo. Modesta alicheka kidogo kati ya maumivu. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika rozari, ninaona wivu. Binti yangu yuko kwenye machela, na mimi namwonea wivu mtu anayemchekesha.

Mvua ilitukuta tukiwa tumebakiza mwendo wa dakika ishirini. Tulipotokeza mtoni, mto ulikuwa mwekundu, unashuka na magogo.

Ng'ambo kulikuwa na mama mmoja na mzigo wake wa ndizi, kanga yake imelowa chini tu. Tulimuuliza kwa kelele, hakusikia, akatujibu kwa ishara. Alinyoosha kidole mtoni, kisha akagusa goti lake. Alikuwa amevuka muda si mrefu, maji yakiwa magotini.

Wote tisa waligeuka wakaniangalia, na Athanas peke yake hakuniangalia.

Yeye alisema tumlaze Modesta chini ya mwamba pasipovuja, nesi Upendo afanye anachoweza, maana mto wetu hupungua upesi kama unavyojaa. Ni maneno ya akili, na yalitoka kwake, kwa hiyo mimi nikawa na ya kwangu. Niliwaambia Mungu aliyewavusha Waisraeli hajafa. Nikaachana nao, nikapanda na ukingo wa mto peke yangu mpaka kwenye jiwe kubwa, nikasimama juu yake, nikainua mikono.

Msinicheke. Au nichekeni, nimestahili.

Sikumwomba Mungu, nilimwamuru. Nilimwambia miaka ishirini na miwili nimemtumikia bila mshahara, ananidai nini tena. Nilimwambia akiniaibisha mbele ya wale watu, asitegemee kijiji kile kimwamini. Nilisema na maji pia, nikayakemea kwa jina lake. Maji yakapita. Sijui nilikaa pale muda gani. Sauti ilinikauka na mikono ikafa ganzi, ndipo nikashuka.

Nilipowakaribia, wanaume walikuwa wamegeukia upande wa pili, na chini ya mwamba Magdalena na Upendo walikuwa wamemwinamia Modesta. Athanas alikuja kunilaki, kifua wazi, mvua inamchuruzika. Shati lake lilikuwa mikononi mwake, limezungushiwa kitu kidogo.

"Shemeji," alisema, "amepumua kidogo, halafu ameondoka."

Alininyooshea lile shati. Sikulipokea. Sikulifunua hata pembe. Niliuliza kama Modesta yu hai, akasema yu hai lakini damu inamtoka sana na hajitambui. Nikashukuru.

Hilo lilikuwa wazo langu la kwanza, nalo silionei haya. Wazo la pili ndilo linaloniamsha mpaka leo. Niliwaza kwamba mjukuu wa katekista amekufa bila ubatizo, na watu watasema nini.

Mimi ndiye ninayefundisha kwamba mtu akiwa anakufa na padre hayupo, yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, mradi awe na maji na maneno na nia. Nimewauliza swali hilo wanafunzi wangu kila mwaka. Mto mzima ulikuwa mbele yangu siku ile, na mimi nilikuwa naugombeza.

Saa nane mto ulishuka. Athanas alisema mtoto ni wa ukoo, inafaa akalale makaburini kwa wenzake, atampandisha yeye na Stefano, sisi twende na mgonjwa. Nilikubali upesi. Ukweli ni kwamba nilifurahi lile shati liondoke machoni pangu. Tulivuka, tukapata gari la mboga linaloteremka Morogoro mjini, tukamlaza Modesta juu ya matenga ya karoti.

Hospitalini madaktari walihangaika naye. Innocent alikuja mbio kutoka Kihonda akatoa damu, na rafiki zake wawili wakatoa. Modesta aliponea chupuchupu. Siku mbili alilala, anafumbua macho na kuyafumba.

Tangu ukingoni mwa mto Magdalena hakunisemesha. Alinipa sahani, akapokea sahani. Tulikaa kwenye benchi moja kwa siku tatu, kati yetu kikapu. Sikumuuliza chochote kuhusu mtoto, naye hakunieleza. Ningeanzaje kuuliza?

Jumamosi, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa uani nikamwona Athanas anaingia getini. Amevaa koti lake la Jumapili, mkononi ndizi, anachechemea mguu ule wa jiwe. Alikuwa anaangaza macho huku na huku, nikajua ananitafuta mimi.

Ningemkimbilia. Ningesema neno moja tu, hata shikamoo ya mkubwa kwa mdogo. Badala yake nilizunguka nyuma ya jengo, mahali wanapoanika mashuka, nikasimama katikati ya mashuka mabichi. Nilijiambia nasali. Kupitia upenyo nilimwona akitoka wodini, akimuuliza mlinzi, akionyesha kwa mkono kimo changu. Mlinzi alitikisa kichwa. Athanas alikaa kwenye benchi, akalinyoosha goti, akangoja. Aliangalia milima, akaangalia saa, akangoja tena. Kisha akainuka, maana gari la mwisho la kupanda halimsubiri mtu.

Alipotokomea ndipo nikatoka, shati langu limelowa mgongoni kwa mashuka ya watu.

Modesta alikuwa ameketi kitandani kwa mara ya kwanza, mito miwili mgongoni. Mama yake alikuwa nje anaosha vyombo. Modesta alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani, nilipokuwa nikimbeba begani kwenda misa ya Pasaka. Alisema mjomba amemweleza yote.

Nilishika chuma cha kitanda, nikasema moyoni basi, yamefika. Lakini alinyoosha mkono, akaushika wangu, akauweka shavuni kwake.

"Baba, asante," alisema. "Mjomba ameniambia ulimwahi. Amesema mtoto alipotoka tu uliona hali yake, ukachota maji mtoni kwa mkono, ukambatiza, ndipo akaenda. Nilikuwa nalia kila nikiamka kwamba ameondoka bila kitu. Kumbe babu yake alikuwepo."

Nilikaa kitandani.

Nilikuwa juu ya jiwe. Aliyekuwepo ni yule niliyemtoa kanisani. Magoti yake yakiwa na tope la uani kwangu, yeye ndiye aliyechota maji na kusema maneno, tena maneno niliyomfundisha mwenyewe. Halafu amepanda gari akiwa mgonjwa, amekuja mpaka mjini, na kile kitu kimoja chema kilichofanyika siku ile amekichukua akanivika mimi.

Nilitaka kumwambia. Mungu ananiona, nilifungua mdomo kumwambia. Lakini alikuwa ananitazama vile, na nilikuwa na kiu ya kutazamwa vile.

Aliendelea kusema, polepole, anapumzika katikati. Alisema Innocent anakuja jioni na kibao cha msalaba, fundi amekwisha kukiranda, kimebaki kuandikwa. Alisema anaweza kuvumilia yote, hata lile la kutomwona sura, akiwa na jina la kumwitia. Alikuwa amemuuliza mjomba, mjomba akasita, akasema hilo atamwambia baba mwenyewe.

Ndipo nilipoelewa Athanas alikuwa ananitafutia nini pale uani. Alikuwa amekuja kunipa jina la mjukuu wangu, anong'oneze sikioni mwangu kabla sijaulizwa, na mimi nilikuwa kwenye mashuka.

Majina ya watakatifu ninayo kichwani ya mwaka mzima, siku kwa siku. Nilianza kuyapitia haraka, nichague mojawapo lolote, jioni nitafute namna ya kumpata Athanas. Nikafika la kwanza, nikasita. Nikafika la pili. Hapo nikalikumbuka lile shati, na jinsi nilivyokataa kulifunua.

Sikujua hata kama mjukuu wangu alikuwa wa kiume au wa kike.

Mlangoni sufuria ziligongana. Nikageuka. Magdalena alikuwa amesimama na vyombo vyake vinavyochuruzika maji, na sikujua amesikia tangu wapi. Yeye alikuwepo chini ya ule mwamba. Alilisikia jina likitamkwa. Hakuingia wala hakurudi nyuma, alinitazama tu, usoni hana hasira, anasubiri kuona nitafanya nini.

Modesta alinibonyeza mkono, akatabasamu.

"Sema, baba," alisema. "Ulimwita nani?"